Sisimizi aliyebebwa makaburini

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika kabla ya chakula cha usiku, na Bibi hawezi kukaa gizani bila hadithi. Nikawasha tochi ya simu, nikamsomea ukurasa mmoja wa Edward Wilson, yule Mmarekani wa sisimizi, huku nikitafsiri papo kwa papo.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya 1950. Sisimizi akifia ndani ya kichuguu, wenzake humpita siku mbili hivi kama hayupo. Mzoga ukishaanza kutoa asidi ya oleiki, ndipo mmoja humnyanyua na kwenda kumtupa jalalani kwao, kwenye lundo la wafu. Wilson akachukua asidi hiyo hiyo, akampaka kidogo sisimizi mzima wa afya. Wakambeba huku anarusha miguu, wakamtupa. Akarudi nyumbani. Wakambeba tena. Hawakumwacha mpaka alipojilamba harufu yote ikaisha.

Bibi alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo hata akipiga kelele, yeye marehemu tu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ni mimi huyo na wale watu wa pensheni." Bibi ni muuguzi mstaafu. Mwaka juzi walimwandika kuwa amefariki, na ilimbidi apande basi mara tatu kwenda kuwaonyesha kwamba anapumua. Tangu Ijumaa anamwita Wilson "yule mzee wangu".

Ninafundisha biolojia, na vitabu vya Wilson huviazimisha hovyo. Hakuna msomaji aliyewahi kunirudishia jibu nililolitarajia. Mjomba, ambaye ni mchumaji wa machungwa hapa Muheza, nilimsomea habari za majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mchungwa kuwa kiota. Wilson na mwenzake Bert Hölldobler, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwachunguza hao hao majimoto wa Afrika. Mjomba akacheka: "Kumbe ndiyo ya kwenda kusomea Harvard hiyo? Mimi wananiuma tangu darasa la pili." Nikamuuliza, uzi wanautoa wapi? Akasema mdomoni, kama buibui. Nikamwambia buibui hatoi uzi mdomoni, na jimoto mkubwa hana uzi kabisa. Uzi ni wa watoto. Wakubwa wengine huyavuta majani yakutane, mwingine hubana kiluwiluwi kwenye taya, akampeleka jani hili, akamrudisha jani lile, na mtoto anatoa hariri kama kigurudumu cha uzi cha cherehani.

Hakuniamini. Kesho yake alichana kiota ukingoni akakaa chini ya mti kuwangoja wakitengeneze. Alirudi shingo imevimba, lakini ameona. "Mtoto anashonewa nyumba kwa mate yake mwenyewe," alisema, na hilo sikulikuta kitabuni.

Riwaya ndiyo imeleta ugomvi. Wilson alikuwa amepita miaka 80 alipotoa riwaya yake ya kwanza, Anthill, mwaka 2010. Ni habari ya kijana wa Alabama, Raff, anayesomea sheria ili aokoe msitu aliocheza utotoni. Nilimpa mwalimu mwenzangu wa fasihi. Alinilalamikia wiki nzima: watu wa humo wanaongea kama wanasahihisha mitihani, Raff hana hata dhambi moja ya maana. Nikamsihi asiache kabla ya sehemu ya katikati, inayosimuliwa kwa macho ya sisimizi. Malkia amekufa, lakini harufu yake ingali hai, kwa hiyo raia zake wanaendelea kumhudumia mtu asiyekuwepo. Harufu inapungua kidogo kidogo, na sisimizi wa kichuguu jirani wananusa udhaifu. Hapo mwenzangu aliacha kulalamika. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, naye aliipitia riwaya hiyo, na makala yake ikabeba kichwa kinachomwita Wilson Homer wa sisimizi, kwa jina la yule mshairi wa kale wa Ugiriki. Mimi nakubali. Jicho moja la Wilson lilitobolewa na mwiba wa samaki akiwa na miaka saba, akajifunza kutazama vidogo kwa karibu. Watu aliwatazama kwa mbali zaidi, nadhani.

Na hapa kuna jambo linalonikera. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi jinsi waandamanaji walivyommwagia maji kichwani mkutanoni Washington, mwaka 1978, kwa sababu kitabu chake cha 1975 kilieleza tabia za wanyama kwa urithi wa kibiolojia, kisha kikaingia kwa binadamu. Nilikisimulia kama kisa cha mwanasayansi jasiri na wajinga wenye jagi. Alifariki Desemba 2021. Wiki chache baadaye zikatangazwa barua zake zilizohifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, akimtia moyo na kumtetea Rushton, yule mwanasaikolojia aliyeshikilia kwamba sisi weusi tumezaliwa na akili pungufu. Nilisoma habari hiyo stafu, daftari za Kidato cha Tatu mbele yangu, wino mwekundu mkononi. Siku hiyo sikusahihisha kitu.

Kisa cha maji bado ninakisimulia, ila sasa barua zinafuata kipindi hicho hicho. Mwaka huu msichana mmoja wa nyuma aliuliza: "Mwalimu, na ile habari ya sisimizi bado ni kweli?" Ni kweli. Nilimjibu hivyo, na sikufurahi kulijibu.

Bibi sijamwambia. Riwaya nayo haijarudi. Mwenzangu anasema kurasa za malkia amezirudia mara mbili, za Raff hajazigusa tena.