Lisbon kutoka ndani ya chumba cha giza

Binti yangu amekuta kwenye simu picha za ngome ya São Jorge, iliyo kilimani Lisbon, mji mkuu wa Ureno, akauliza, "Baba, hizi kuta ni za kale kweli?" Nikamjibu kuwa ngome ni ya kale, ila mengi anayoyaona pale juu si ya kale.

Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliiteka ngome hiyo kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, na wafalme wakaishi humo. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 likaibomoa vibaya. Kati ya 1938 na 1940 serikali ya dikteta Salazar iliondoa majengo ya kambi ya jeshi, ikainua upya kuta na minara kwa sherehe za taifa za mwaka 1940. Yale meno ya ukuta yaliyojipanga sawasawa, mengi ni kazi ya miaka hiyo. Anayetaka ukale wenyewe aende kwenye eneo la uchimbaji, aone misingi ya nyumba za Waislamu wa karne ya 11.

Kupanda si shida. Kutoka Baixa, mtaa wa chini katikati ya mji, kuna lifti ya bure mtaa wa Rua dos Fanqueiros, kisha nyingine Chão do Loureiro. Kinachobaki ni mlima mfupi. Vaa viatu vya soli ya mpira, maana mawe ya barabarani yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza hata pakiwa pakavu. Ukishakata tiketi, ulizia kwanza zamu za chumba cha giza (camera obscura), ambamo kioo na lenzi huuonyesha mji wa nje, kwenye Mnara wa Ulisses ngomeni humo. Watu huingizwa kwa makundi madogo, na pasipo jua hakuna cha kuona.

Mlango ulipofungwa hatukuonana. Juu ya paa kuna kioo na lenzi. Mwanga unashuka wima hadi kwenye sahani kubwa nyeupe iliyobonyea. Taratibu mji ukajitokeza juu yake: vigae vyekundu, mto Tejo, magari yakipita darajani. Haikuwa picha iliyopigwa, ilikuwa Lisbon ya dakika ile ile. Mwongozaji akazungusha kioo, na mji mzima ukazunguka nasi. Alipohama kutoka mbali kuja karibu, picha ikapata ukungu, akarekebisha umbali wa lenzi, na ghafla nikaona shuka imeanikwa dirishani, inapepea. Nilitamani kuigusa.

Mto ulipopita tena juu ya sahani nikaikumbuka Kilwa. Vasco da Gama aliitoza dhahabu mwaka 1502, na kwa dhahabu hiyo mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kanisani cha kuonyeshea ekaristi, iliyokamilika 1506. Imo kwenye makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, mji huo huo, na haijajengwa upya. Mwenye siku moja tu Lisbon, bado sijui nimshauri aanzie kilimani au kwenye dhahabu ile.