Mti wa bahari "usiotia wasiwasi"

Katika kikao cha kijiji kilichoitishwa kujadili gati linalopendekezwa kujengwa huku pwani ya kusini ya Kenya, mtaalamu aliyekuja kutusomea ripoti ya mazingira alizipa nyasi bahari sentensi moja tu: kwamba spishi inayopatikana hapo imeenea sana duniani na haitii wasiwasi. Kisha akafungua ukurasa uliofuata. Kikao kilifungwa kabla zamu yangu ya kusema haijafika, kwa hiyo nitasema hapa.

Spishi aliyoitaja ni Thalassodendron ciliatum. Sisi tuliokulia huku tunaijua kwa nyayo kuliko kwa jina, kwa sababu maji yanapokupwa wakati wa bamvua tulikuwa tukiikanyaga na kuteleza juu yake tulipofuatana na bibi kutafuta pweza. Shina lake ni gumu kama kijiti, na majani yamekusanyika nchani kama kishada. Sehemu ya kwanza ya jina lake inatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya bahari na mti, nami naona aliyelichagua alikuwa na jicho zuri. Hata uzazi wake unakumbusha mti tunaoujua vizuri, yaani mkoko, kwa kuwa mbegu huchipua ikiwa bado imeshikamana na mmea mama.

Mtaalamu hakusema uongo. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka, spishi hii imo kwenye daraja la wasiwasi mdogo kabisa, na sababu yake inaeleweka: inapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, ikafuata mwambao wetu hadi Msumbiji, ikavuka visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Indonesia, Ufilipino na kaskazini mwa Australia. Katika tathmini ya kwanza ya nyasi bahari zote duniani, iliyohusu spishi 72, ni 10 tu zilizoonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka, na mojawapo, Zostera capensis, inaota katika mwambao huu huu wa Afrika Mashariki na Kusini. Lakini daraja hilo linajibu swali la iwapo spishi nzima, mahali pote inapoota, inaelekea kutoweka. Ili ihesabiwe kuwa hatarini kwa kigezo cha kupungua peke yake, ni lazima iwe imepungua kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 10 au vizazi 3, na hesabu hiyo hujumlisha pwani zote. Ghuba moja inaweza kubaki mchanga mtupu bila daraja kusogea hata kidogo.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Katika wangwa wa bahari kati ya Diani na Chale, watafiti waliandika mwanzoni mwa miaka ya 2000 jinsi nungunungu wa bahari aina ya Tripneustes gratilla, wale wenye miiba mifupi, walivyojikusanya kwa wingi na kuzila nyasi hizi hadi zikabaki mashina makavu. Majani ya nchi kavu yakiliwa na mbuzi huchipua tena kwa kuwa sehemu yake ya kukua iko chini karibu na udongo, lakini mti huu wa bahari sehemu yake ya kukua iko juu, kwenye ncha ya shina, kwa hiyo anayeila ncha ameua tawi lote. Kurudi kwake ni kwa polepole mno. Na nungunungu hao hawakuongezeka kwa bahati mbaya tu: kikande, samaki anayewala, amevuliwa sana nje ya hifadhi, ilhali ndani ya hifadhi za baharini za Mombasa na Kisite, ambako uvuvi umekatazwa, kikande ni wengi na nungunungu ni wachache. Ukiongeza nanga na nyavu za kukokota, utaona kwamba gati linakuja juu ya majeraha mengine.

Jambo jingine, ambalo mimi binafsi linanivutia zaidi, ni kwamba hatuna hakika kubwa kama tunavyodhani ni mmea upi tunaouhesabu. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kuwa baadhi ya mimea ya Msumbiji na Afrika Kusini iliyokuwa ikiitwa Thalassodendron ciliatum ni spishi tofauti, wakaiita Thalassodendron leptocaule. Kuenea sana, ambako ndiko msingi wa daraja lile, kunaweza kupungua hata kabla jani moja halijang'olewa.

Wala IUCN haisemi kwamba tathmini ya dunia nzima inatosha. Nguva, ambaye chakula chake ni nyasi bahari, kidunia yuko katika daraja la walio hatarini kiasi, lakini mwezi Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki walipewa daraja lao wenyewe, la walio hatarini mno kutoweka, kwa kuwa waliokomaa wanakadiriwa kuwa chini ya 250. Tathmini ya kanda kama hiyo, ya mti wa bahari kuanzia Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, hadi Msumbiji, ndiyo ninayotaka kuiona mezani kabla ya gati kujadiliwa tena. Kikao kijacho nimeomba niandikwe wa kwanza kwenye orodha ya wasemaji.