Simu ya Laini Tatu

Simu yenyewe ilikuwa na nafasi za laini tatu, spika nne mgongoni, na erieli ya kuvuta kama ya redio ya babu, eti ya kutazamia televisheni. Mchumba wangu aliniletea Jumamosi moja mwaka 2011, ndani ya boksi lenye jina lililofanana sana na la kampuni kubwa ya simu ya Finland, ila herufi moja ilikuwa imekaa vibaya. Mimi herufi sikuiona. Nilisikia neno moja tu. "Nimeagiza Dubai," alisema, nami nikajiona nimeshaolewa.

Msinicheke. Nairobi hii kitu kikishavuka bahari hakiulizwi maswali. Friji ikiwa eksi-UK, yaani imetumika Uingereza kwanza, imeshapita. Viatu vya mtumba vya soko la Gikomba vikiwa kamera, yaani vile vinavyochaguliwa kwanza bale likifunguliwa, unavivaa kanisani bila wasiwasi. Sweta aliyoichoka mtu wa Ulaya ilikuwa na heshima kuliko mpya iliyoshonwa hapa hapa nyumbani. China pekee ndiyo ilikuwa tusi. "Hiyo ni Mchina" ilisemwa kwa sauti ile ile ya kusema maziwa yameganda.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba karibu na mtaa wa Tom Mboya, kupiga chapa na kutoa fotokopi. Huko ndiko nilikojuana na Fundi. Alikuwa na meza ya kurekebisha simu mtaa wa Luthuli, ndani ya duka lililogawanywa vibanda hadi mtu akipiga chafya watatu wanafuta uso. Alikuja kuchapishiwa kadi: jina, mtaa, "Kazi ya Uhakika", na namba ya simu. Alizirudisha mara tano. Mara maandishi ni madogo, mara rangi imepauka. Kufikia mara ya tano tulikuwa tunakula chapati madondo pamoja kwenye hoteli moja River Road, kila mtu akijilipia, isipokuwa Ijumaa, siku ambayo alikuwa hakubali nilipe.

Shangazi yangu wa Umoja hakuupenda urafiki huo. "Huyo fundi wako," aliniuliza siku moja akichambua sukuma, "anatengeneza simu au anatengeneza njia?" Nikamwambia ni kama ndugu yangu. Ilikuwa kweli, karibu yote.

Spika moja ilipoanza kukwaruza nilimpelekea Fundi. Akafungua kava, akaitoa betri, akaipima kiganjani kama mama anayepima nyanya sokoni, akasoma kibandiko chake, akairudisha taratibu.

"Umepewa na nani?"

"Mchumba. Ni ya Dubai."

Akakohoa. "Vumbi tu." Akachovya kibrashi kwenye spiriti, akasugua, pesa akakataa. Miezi michache baadaye nikarudi, akafanya vile vile, na kikohozi kile kile.

Halafu ikaja Septemba 2012. Tume ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba simu zote feki zitazimwa mwisho wa mwezi, tarehe 30. Unabonyeza *#06#, inatokea namba ya tarakimu 15, unaituma kwa 1555 uambiwe kama simu yako ni halali. Pale saiba watu walipima simu kama wanaopima malaria, wengine wakitoka nje kwanza ili wasomee jibu peke yao. Mimi sikupima. Kupima kungekuwa kumshuku mtu.

Jumatatu, tarehe 1, simu yangu iliamka vizuri na nikawacheka waliokuwa wamekimbilia kununua nyingine. Jumatano jioni, nikiwa kwenye steji, mvua ikinyesha, mchumba akinisubiri South C, mtandao ukakatika. Pale juu palipokuwa na mistari mitatu ya laini zangu pakabaki misalaba mitatu midogo, kama makaburi.

Nikaomba simu kwa dada wa M-Pesa nimjulishe mchumba. Kidole kikasimama hewani. Namba yake siikumbuki! Mwaka mzima nimekuwa nikibonyeza jina. Namba niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu, ile niliyoichapa mara tano kwenye kadi.

"Njoo kabla sijafunga," Fundi akasema.

Nilimkuta na simu tatu mezani, za watu watatu, za majina matatu. Akabonyeza *#06# kwenye kila moja na kuzipanga mbele yangu. Namba ilikuwa moja, tarakimu zote 15. "Simu halisi kila moja ina yake," akasema, "na zile nane za mwanzo zinakutajia ukoo wake. Hizi waliziandikia namba moja wakauza dunia nzima." Ya kwangu haikuwa hata na bahati ya kuwa na mapacha. Ilitoa sifuri tupu.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya spika. Betri ilikuwa nyepesi kama biskuti."

Nikamkasirikia yeye, si aliyenipa. Hata leo sijui kwa nini, au najua. Nikamuuliza mbona alininyamazia mwaka mzima.

"Ningekwambia ya mchumba wako ni feki, ungeniuliza nataka nini."

Na ningemuuliza. Kwa maneno yale yale.

Nilimpigia mchumba kwa simu ya Fundi, baada ya kusaka namba kwenye orodha yangu, maana ile maiti bado iliwaka. Hakuona aibu hata kidogo. "Si niliagiza Dubai kweli? Kwani za China zinapitia wapi?" Kwa haki yake, hakuwa amedanganya. Tuliachana mwaka uliofuata, kwa mambo mengine kabisa.

Fundi alinitolea mulika mwizi, kale kasimu ka tochi, iliyotumika, shilingi 900, akisema orijino zimeshuka bei tangu serikali iondoe ile kodi ya asilimia 16 mwaka 2009, ni sisi tu tulioendelea kukimbilia spika nne. Majina yangu yalikuwa ndani ya simu yenyewe, si kwenye laini, ikabidi tuyahamishe moja moja. Yeye anasoma, mimi nabonyeza, spika za duka la jirani zikitikisa meza. Baba Nyumba. Chama. Dobi. Dobi wa Shangazi, sijui ya nini. Alipofika kwenye F akapita moja kwa moja hadi G.

"Na yako?" nikauliza.

"Ya nini? Si unaijua."