Kuhesabu Pumzi za Bosi

Mwezi wa Julai mwaka 2019, katika siku ambazo mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, huunguruma tangu alfajiri kwenye mashamba ya Naliendele, mkoani Mtwara, mbwa wetu Bosi alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, nacho kilimjia zaidi usiku wa manane. Majirani walilitupia lawama lile vumbi la njano, ambalo katika msimu huo hutanda mpaka kwenye vyombo vilivyoanikwa uchanjani, na kwa kweli hata watu wazima walikuwa wakikohoa. Lakini watu walikohoa mchana wakiwa shambani, ilhali Bosi alikohoa akiwa amelala kizingitini, mahali ambapo alilala tangu alipoletwa.

Aliletwa na marehemu mume wangu kutoka Kitangari mwaka 2006, akiwa ndani ya tenga pamoja na kuku wawili ambao hawakufurahia safari hiyo. Kwa hiyo alikuwa na miaka 13, umri ambao mbwa wachache wa huku hufikia, kwa sababu wengi humalizwa mapema na magari, kifutu, kupe au sumu ya watu wasiopenda kubwekewa. Mdomo wake ulikuwa umeota mvi, macho yamepata ukungu wa rangi ya samawati, na asubuhi ilimbidi ajinyooshe kwa muda mrefu kabla miguu ya nyuma haijakubali kumbeba. Jirani yangu mmoja alipomwona alisema kwa upole kabisa, "Mwalimu, huyu naye ameshakula chumvi nyingi." Nilimjibu kwamba ni kweli, kisha nikaingia ndani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Wasiwasi juu ya mbwa una ugumu wake, nao ni kwamba hauna pa kusemewa. Mtu akiwa na mtoto mgonjwa, ofisi nzima ya walimu humuuliza habari kila asubuhi. Akiwa na ng'ombe mgonjwa, watu humwelewa, maana ng'ombe ni mali. Mbwa ni mbwa tu. Mwanangu, ambaye yuko Dar es Salaam, alinipigia simu akaniuliza, "Mama, si tutakutafutia mwingine?" Hakuwa na ubaya, na niliikata simu kwa adabu. Usiku nilikuwa naamka, nawasha tochi ya simu, naenda mlangoni na kuweka kiganja juu ya mbavu zake ili nihakikishe kwamba zinapanda na kushuka. Nikishahakikisha narudi kitandani, na kabla usingizi haujanichukua najiuliza kama bado zinapanda. Yeye alikuwa akifungua jicho moja na kunitazama kama askari wa zamu anayekaguliwa na bosi asiyemwamini.

Kisha usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa pikipiki ilipita karibu na ua, Bosi akainuka ili abweke, na badala ya kubweka akalegea miguu yote minne na kuanguka ubavu. Alizimia kwa muda mfupi sana, pengine haukuzidi ule wa kusoma sentensi hii, lakini nilipoinua mdomo wake niliona ufizi uliokuwa umepoteza wekundu wake. Kulipokucha nilimpigia simu mkuu wa shule nikaomba ruhusa, nikisema nina mgonjwa nyumbani. Hakuuliza ni nani, nami sikutaja.

Dereva wa kwanza wa bajaji alipomwona abiria wangu alinitaka radhi na kuondoka. Sikumlaumu. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa amevaa kanzu safi kwa ajili ya msikitini, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa watu wetu wa pwani, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wa pili naye alianza kusitasita, ndipo jirani yangu mzee, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa Bosi hata kwa ncha ya bakora, akasogea mpaka kwenye usukani na kumwuliza, "Kijana, leo Ijumaa, umeshaisoma Sura ya Al-Kahfi?" Kijana akasema bado. "Basi utakapofika pale penye vijana waliolala pangoni, utamkuta mmoja amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Ukishajua ni nani, uje unieleze kwa nini huyu asipande." Kijana alicheka, akatandika gunia la korosho kwenye kiti, akaongeza nauli kidogo, nasi tukaondoka kuelekea Mtwara mjini. Njia nzima nilikuwa nimeushika ufizi wa Bosi kwa kidole nikiangalia rangi yake, jambo ambalo halikunisaidia chochote kwa sababu sikujua ninatafuta nini.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kazi yake nyingi ilikuwa kuku na mbuzi. Jambo la kwanza aliloniuliza ni umri, nami nikamtolea kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bosi aliipata katika kampeni zilizoanza kupita kwenye vijiji vya Lindi na Mtwara mwaka 2010, wakati watoto walipokuwa wakiwakokota mbwa kwa kamba za katani mpaka chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, na mbwa wote kugombana wakisubiri sindano. Daktari aliisoma kadi ile pande zote mbili, akaniambia kwamba ni nadra kuletewa mbwa mwenye karatasi. Kisha akapiga magoti sakafuni, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kwenye ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya kiwiko, akanyamaza. Bosi naye akanyamaza. Baadaye alinipa nisikilize mwenyewe, na badala ya mapigo mawili yaliyoachana vizuri nilisikia mvumo, sauti ya maji yanayopita mahali pembamba.

Alinieleza bila haraka. Ndani ya moyo kuna vali, ambazo ni kama milango inayozuia damu isirudi ilikotoka. Zikichakaa kwa umri hazifungi sawasawa, damu kiasi hurudi nyuma kila moyo unapopiga, na hatimaye maji hujikusanya kwenye mapafu. Ndiyo maana kikohozi humzidi mgonjwa akiwa amelala. Hakuwa na mashine ya kupiga picha, lakini alisema alichokisikia kinatosha kuanza dawa. Nilimwonyesha pia vidonge vya diklofenaki ambavyo shemeji yangu alivileta kwa ajili ya nyonga za Bosi, na ambavyo vilikuwa bado kwenye mkoba. Alivichukua, akaviweka kwenye droo yake na kuifunga. Dawa hizo za maumivu za binadamu, alisema, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na zikichanganywa na dawa anayotaka kuniandikia, figo ndizo zitakazotangulia.

Dawa aliyoandika ni furosemaidi, ya kupunguza maji mwilini, nami nililijua jina hilo kabla hajamaliza kuliandika, kwa sababu marehemu mume wangu aliitumia katika mwaka wake wa mwisho, moyo wake ulipokuwa umetanuka. Iliuzwa katika duka la dawa za binadamu. Dada wa dukani aliisoma karatasi na kuniuliza mgonjwa ana umri gani.

"Miaka 13," nikasema.

"Masikini, mtoto. Ana kilo ngapi?"

"Kumi na saba."

Aliacha kuhesabu vidonge akanitazama kwa huruma kubwa, na foleni nzima ikanyamaza. Ilinibidi niseme kwamba ni mbwa. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, yule dada hakucheka, akanikumbusha tu kwamba dawa hiyo inakojoza na kwamba maji ya kunywa yasikatwe. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa miaka michache kabla, kuhusu mtu mwingine.

Lakini kilichonituliza mwaka ule hakikuwa vidonge. Kabla sijaondoka, daktari alinifundisha kuhesabu. Mbwa mwenye afya, akiwa amelala fofofo mahali pa baridi, hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Nisimhesabu anapoota, wala akitoka kutembea, wala saa za jua kali. Hesabu ikianza kuvuka 30 siku baada ya siku, maana yake maji yanarudi mapafuni, na nimpigie simu bila kungoja kikohozi. Ufizi nao niubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, na ukiachiwa wekundu urudi ndani ya sekunde mbili.

Nilinunua daftari la shule, nikachora mistari, nikaandika hesabu ya asubuhi na ya usiku. Mtu anaweza kudhani kwamba kuhesabu kungeniongezea hofu. Haikuwa hivyo. Hofu niliyokuwa nayo kabla ilikuwa haina mwanzo wala mwisho, inaniamsha saa yoyote inayotaka. Sasa ilikuwa na saa zake mbili, na nje ya saa hizo niliweza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Wakati wa ugonjwa wa mume wangu nilikaa kando ya kitanda nikimtazama tu, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitazame nini. Kwa Bosi nilijua, na nakiri kwamba kuna usiku nilipoandika ishirini na mbili nilifurahi kuliko nilivyofurahi mshahara ulipoingia.

Lilibaki swali moja ambalo nilimwuliza daktari kwa simu, nikiwa nimejifungia chumbani kana kwamba naulizia jambo la aibu: nitajuaje kwamba imetosha? Alisema niandike mambo matatu ambayo Bosi anayapenda, na atakapoyaacha yote tuzungumze. Niliandika kichwa cha dagaa, kuwabwekea ngedere wanaokuja kwenye mabibo, na kunisindikiza asubuhi mpaka kwenye barabara ya Newala. Kusindikiza alikwisha kupunguza, akawa anaishia kwenye mwembe na kuniangalia nikienda. Mabibo yalipoanza kuiva mwezi wa Oktoba aliwabwekea ngedere akiwa amelala, kwa madaraka tu, bila kuinuka.

Alifika mpaka mwisho wa msimu. Mwezi wa Januari hesabu ilivuka arobaini, dawa ilipoongezwa haikuirudisha, na dagaa alimnusa akageuza uso. Nilimpigia simu daktari mwenyewe, bila kumwuliza mwanangu, naye akaja kwa pikipiki na sindano yake saa za alasiri, na Bosi akaenda kichwa chake kikiwa juu ya kanga yangu. Daktari alikuwa bado anafunga mkoba wake wakati jirani yangu mzee aliposimama nje ya ua, akabisha hodi, akanipa pole kwa sauti ambayo nyumba zote za karibu ziliisikia, kisha akauliza kama nina jembe, kwa sababu lake, alisema, limewekwa mpini mpya, na ardhi ya kule mbali na kisima ni ngumu.