Jinsi nilivyowazuia wafanyakazi wetu kusafiri usiku: tatizo lilikuwa kwenye posho

Kampuni yetu inauza na kufunga pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Ofisi iko Unga Limited, hapa Arusha, lakini kazi yenyewe iko Babati, Kondoa, Singida, Same na katika vijiji vya Simanjiro, kwa hiyo ni nadra wiki kupita bila gari letu kuwa njiani likiwa na watu. Mimi ndiye afisa utawala. Nasema bila kuona haya kwamba utaratibu wa usalama wa safari tunaoutumia leo niliubuni mimi, tena baada ya kampuni kumlipa mshauri fedha ambazo zingenunua matairi mapya ya magari yetu yote na nyingine zikabaki.

Mshauri huyo alituachia mwongozo mnene wenye jalada zuri. Sura moja ndefu ilihusu utekaji nyara, nyingine ilihusu mashambulizi ya kigaidi hotelini, na nyingine ilieleza namna ya kumwondoa mfanyakazi kwa ndege katika nchi iliyopinduliwa serikali. Barabara ilipewa kurasa chache sana, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ilikuwa picha ya mtu aliyefunga mkanda. Sikatai kwamba yapo makampuni yanayohitaji sura hizo zote, lakini fundi wetu anayekwenda Kondoa hamwogopi mtekaji. Anachopaswa kukiogopa ni lori bovu lililoachwa barabarani gizani bila taa, au dereva aliyeamka alfajiri na bado yuko kwenye usukani saa tano usiku. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani. Hata mwongozo wa kimataifa wa kusimamia hatari za safari, ISO 31030 wa mwaka 2021, ambao mshauri aliutaja kila alipopumua, unaitaka kampuni itambue hatari zinazoikabili yenyewe kabla ya kuchagua namna ya kuzipunguza.

Pendekezo lake pekee lililotekelezwa mara moja ni kundi la WhatsApp ambamo kila msafiri alitakiwa kuandika kwamba amefika salama. Kwa majuma ya mwanzo mkurugenzi alifurahi mno, kwa sababu kila jioni ilipofika saa kumi na mbili watu wote walikuwa wamefika salama, wengine wakiwa wamefika kabla ya gari kuweza kufika. Nilipolinganisha ujumbe huo na risiti za mafuta, niliona mtu aliyekuwa amefika Singida jioni akiwa amejaza mafuta Babati saa mbili za usiku. Mshauri, kwa simu, akasema tatizo ni maandishi, basi waagizwe kutuma sauti. Jioni ya kwanza ya sauti, kijana wetu wa mauzo alitutangazia kwa utulivu mkubwa kwamba amekwisha kufika Singida, amepata chumba na anapumzika, na nyuma yake, kwa uwazi ambao hata redio haina, mama mmoja akauliza, “Kaka, kilo ngapi? Huu ndio mchele wenyewe wa Magugu!” Magugu iko kabla ya Babati. Ofisi nzima ilisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kundi likafa kifo cha kawaida.

Hapo ndipo nilipoacha kuwauliza watu wako wapi nikaanza kujiuliza kwa nini wanataka kuwa njiani usiku. Jibu lilikuwa katika masurufu. Tulikuwa tunampa msafiri posho ya kujikimu kwa mkupuo, chakula na malazi pamoja, naye akirudi hakuulizwa alilala wapi. Kwa hiyo aliyeendesha usiku kucha akarudi nyumbani alibakiwa na fedha ya chumba, aliyelala ndani ya gari kituo cha mafuta alibakiwa nayo vilevile, na aliyelala kitandani kama mwanadamu ndiye aliyepata hasara. Usiwalaumu, mtu ana ada ya shule ya mtoto. Sisi wenyewe tulikuwa tunawalipa ili wahatarishe maisha yao, kisha tunawatumia mwongozo wa kuwakataza.

Mkurugenzi alikuwa na hoja yake, kwamba tunachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kila mwezi na kwamba aliyeumia safarini kwa kazi yetu ameumia kazini. Ni kweli, lakini mfuko hulipa mtu akishaumia, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri azuie madhara kabla hayajatokea. Alikaa kimya, nami nikahesabu kimya hicho kuwa kibali.

Nilichofanya ni kutenganisha fedha. Chakula kiliendelea kulipwa mkononi, tena nikakiongeza kidogo ili watu wasinichukie. Malazi yakaanza kulipwa na ofisi moja kwa moja kwa mwenye nyumba ya wageni, na hapa ndipo penye ujanja ninaojivunia: nalipa kwa simu mara mbili. Nusu huenda asubuhi, gari linapoondoka Arusha. Nusu ya pili hutoka pale tu mwenye nyumba anaponipigia, yeye mwenyewe, kunithibitishia kwamba wageni wamefika na gari limeegeshwa ndani ya uzio. Asiponipigia hadi saa moja usiku, mimi ndiye ninayepiga, kwanza kwake, kisha kwa dereva. Nimepata walinzi katika kila mji tunaolala, na hakuna hata mmoja anayedai mshahara. Mama mwenye nyumba tunayoitumia Kondoa hunipigia kabla dereva hajazima injini: “Mwanangu, watu wako hawa hapa, mmoja kashaulizia maji ya moto.” Wakichelewa, huwagombeza yeye kwa niaba yangu, na wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mkurugenzi.

Mhasibu wetu ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa kuwa nyumba nyingine hazina mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na yeye hupenda risiti kuliko anavyopenda watu. Tulikubaliana kutumia zenye mashine kila zinapopatikana, jambo ambalo lilitulazimisha kuhama gesti moja nzuri ya Babati, na bado sijalifurahia.

Kisha tukaingiza usiku wa ziada. Dereva akiona mvua, ukungu au uchovu, ana haki ya kulala palipo karibu, na ofisi inalipa bila barua wala maelezo. Hili halikupita kirahisi hadi yalipotokea maporomoko ya tope ya Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, yaliyotoka Mlima Hanang na kuua watu wengi katika mji ambao magari yetu hupita kila yanapokwenda Singida. Tangu hapo, nyakati za masika na vuli nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusaini kibali cha safari, na safari zingine nimezigeuza kuwa mazungumzo ya simu, kwa sababu mteja wa Singida anayetaka bei tu hahitaji watu wawili na gari.

Haki hiyo ya dereva ilipimwa na mkurugenzi mwenyewe. Alikuwa anatoka Dodoma na alitaka kulala nyumbani kwake Njiro siku hiyohiyo. Dereva wetu, mzee mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliingiza gari kwenye uzio wa gesti Babati jua linazama, akasema, “Mheshimiwa, samahani, utaratibu wa dada wa utawala ndivyo unavyosema,” akachukua begi lake akaingia ndani. Mkurugenzi alinipigia akiwa mkali. Nilimwachia aseme, nikamsomea sahihi yake mwenyewe chini ya waraka, kisha nikamtumia mwenye nyumba nusu ya pili.

Kilichonitoa jasho baadaye ni pikipiki. Masika, gari letu haliwezi kuingia katika baadhi ya vijiji vya Simanjiro, hivyo mafundi huliacha Orkesumet na kupanda bodaboda. Tuliwanunulia kofia ngumu, na fundi mmoja akaona yake inafaa zaidi kubebea spana. Nimewatafuta bodaboda wawili wa kuaminika ambao ofisi inawalipa kwa utaratibu uleule wa nusu mbili, kwa sharti kwamba kofia ikae kichwani kuanzia kupanda hadi kushuka. Mmoja wao amekwisha kukataa kumbeba fundi wetu hadi spana zihamie kwenye mfuko, na fundi ameniletea malalamiko kwa maandishi, nakala kwa mkurugenzi.