Mlango ndio kipimo: kutengeneza upya fremu ya mbao ya gari la kale

Gari la miaka ya 1920 au 1930 lenye bati lililovikwa juu ya fremu ya mbao likianza kukataa kufunga mlango, usikimbilie kuchonga ukingo wa mlango ili uingie. Mlango unakueleza jambo ambalo huwezi kuliona. Kuna kiungo kimelegea, nguzo imeoza kitako, au bodi imekaa vibaya juu ya chasisi. Ukiuchonga mlango, umepoteza shahidi pekee uliyekuwa naye.

Bati la bodi hizi ni jembamba na peke yake halina nguvu ya kushika umbo. Umbo lote liko kwenye mbao. Ndiyo maana kazi hii si sawa na kutengeneza kabati: kiungo kinaweza kuwa kizuri cha kupigiwa mfano, lakini kikikaa milimita 3 nje ya mahali pake, bati halitarudi.

Barani Ulaya mbao iliyotumika zaidi ni ya mti wa eshi, ambao wataalamu huuita Fraxinus excelsior. Ilipendwa kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, inavumilia mitikisiko bila kukatika, inapindika vizuri kwa mvuke, na skrubu hushika ndani yake. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: haina kinga yoyote ya maana dhidi ya kuvu. Ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, inaoza. Na nyuma ya bati, maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie chini. Chukua msumari mrefu uliochongoka au bisibisi nyembamba, uchome kitako cha kila nguzo, mihimili ya chini ya milango, mbao iliyo chini ya kioo cha mbele, na upinde wa juu ya gurudumu la nyuma. Mbao nzima inakataa, na ukichomoa inang'ang'ania ncha. Iliyooza inapokea ncha kama keki, na nyuzi zake zinakatika fupi fupi badala ya kuchanika ndefu. Choma pia kwenye vichwa vya mbao, pale nyuzi zinapoishia, maana maji hunywewa hapo kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Ukiona doa jeusi kuzunguka skrubu ya chuma, hiyo ni kutu iliyokula mbao. Skrubu inaweza kuonekana imekaza huku imebaki ganda tu.

Kabla ya kutoa kipande hata kimoja, ifunge bodi isiweze kusogea. Chomelea mabomba ya chuma ya mraba yapite kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na mengine yakatize upana wa gari. Yashike kwa bolti kwenye matundu ya zamani ya bawaba na vitasa, na uchomeleaji wote ufanyike mbali na gari, kwa sababu mbao kavu yenye miaka 90 hushika moto haraka. Kisha pima kila uwazi kona kwa kona, pande zote mbili za gari, na uandike namba kwenye mchoro. Usitegemee kumbukumbu wala picha.

Chasisi nayo ikae sawa kwa pima maji, imebebwa pale inapobebwa na springi. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaibeba chasisi katikati, inalegea kidogo, wanajenga bodi nzima juu yake, na siku gari linaposhuka chini milango yote inabana.

Halafu kuna pakingi, vile vipande vya mpira, ngozi au mbao vilivyo kati ya bodi na chasisi. Vipime unene kimoja kimoja na uviandike vilikotoka. Hesabu yake ni rahisi. Chukua nguzo yenye urefu wa milimita 1,000 iliyosimama juu ya bolti mbili zilizoachana milimita 400. Pakingi ya milimita 2 chini ya bolti moja tu inahamisha kilele cha nguzo kwa milimita 5. Mwanya mzuri wa mlango wenyewe ni milimita 4 au 5. Mara nyingine mlango "mbovu" ni pakingi iliyosagika tu, kwa hiyo jaribu hilo na bawaba kwanza kabla ya kuhukumu mbao.

Sasa bati. Kwenye ukingo wa mlango na wa nguzo, bati limepindwa kuizunguka mbao na kupigiliwa misumari midogo kila baada ya sentimita 3 hivi. Pindo hili ndilo sehemu ngumu kuliko zote, nami ningependa litengewe siku nzima bila haraka. Ondoa rangi kwanza ili uone vichwa vya misumari. Isugue kwa maji na ukiwa na barakoa, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ingiza kisu butu chembamba chini ya pindo, inua kwa milimita 2 tu, sogea sentimita 5, inua tena, ukirudi mwanzo mara nne au tano hadi pindo lisimame. Ukilifungua kwa mkupuo mmoja, linaacha mawimbi ambayo hayatoki.

Bati la chuma linavumilia kufunguliwa mara moja na kupindwa tena mara moja. Mara ya tatu linapasuka kwenye kona, na dawa ni kukata ukanda ule na kuchomelea mpya. Alumini hupasuka mapema zaidi kwa kuwa hukakamaa kila inapokunjwa. Ilainishe kwa moto: paka sabuni ya kipande kwenye pindo, pitisha mwali, na sabuni ikigeuka nyeusi ondoa moto papo hapo. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, hivyo bila sabuni hutajua umefika wapi. Hili linafanyika tu bati likiwa limetoka kwenye mbao.

Toa na ubadilishe kipande kimoja kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa gari uache mzima, kwa kuwa ndio kioo chako: kitako kilichooza kushoto unakipata kwa kugeuza kile cha kulia. Kipande kibovu usikitupe hata kama kimebaki vipande vipande. Kiunge kwa utepe juu ya hadubodi, chora mzunguko wake, weka alama ya kila tundu la skrubu, na uandike upande upi ni wa nje. Kipande kinachopinda pande mbili kinahitaji vielelezo viwili, cha ubavuni na cha juu.

Mbao mpya iwe na nyuzi zilizonyooka na unyevu wa karibu asilimia 12. Ukikata upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zitakatizwa kwenye kona, na kipande kitavunjika hapo hapo kwa mtikisiko. Mafundi wa zamani waliunganisha vipande viwili au vitatu ili nyuzi zifuate mkunjo. Njia nyingine ni mvuke, takriban saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Tumia mbao iliyokaushwa kwa hewa, kwani ile ya tanuru hupasuka zaidi. Ikitoka kwenye sanduku la mvuke una chini ya dakika moja kuipinda kwenye kalibu, ukiwa na ukanda wa chuma upande wa nje ili nyuzi zisichanike. Pinda kupita kiasi kidogo, iache imebanwa wiki nzima, nayo itarudi nyuma mahali pake. Ukitaka uhakika zaidi, gundisha tabaka za milimita 3 kwenye kalibu. Tabaka zikiwa nyingi, kurudi nyuma kunakuwa kudogo mno.

Nguzo iliyooza kitako pekee si lazima ibadilishwe yote. Kata hadi uzidi uozo kwa sentimita chache, kisha unga kwa mkato wa mshazari wa 1 kwa 8. Mbao ya unene wa milimita 40 inahitaji mkato wa milimita 320. Muungo huo usiangukie kwenye bawaba wala kwenye bolti ya chasisi. Kumiminia epoksi nyembamba (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) kwenye mbao iliyooza ndiyo njia nisiyoikubali kwa sehemu yoyote inayobeba uzito. Ganda la juu linakuwa gumu, ndani unyevu unabaki umefungiwa, na uozo unaendelea bila kuonekana.

Kwa gundi, epoksi inajaza nafasi ndogo na haihitaji kubanwa sana. Gundi ya unga ya urea-fomaldehaidi ni nzuri pia iwapo viungo vimekazana barabara na karakana haina baridi. Skrubu za shaba ya njano hazishiki kutu lakini ni laini. Toboa tundu, ingiza kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ikate njia, itoe, kisha weka ya shaba iliyopakwa nta. Ukiruka hatua hiyo kichwa kitakatika mkononi. Bawaba nazo zishikwe na bolti zinazopenya nguzo na kukamatwa na bamba la chuma kwa nyuma.

Usitie gundi kabla ya kufunga fremu yote kavu kwa skrubu chache na kuning'iniza mlango pamoja na bati lake. Bati linaongeza unene wa pindo, na mlango unaofunga vizuri ukiwa mbao tupu unaweza kubana baadaye.

Bodi za mfumo wa Weymann ni kesi tofauti kabisa. Humo mbao hazigusani. Zimeunganishwa kwa mabamba ya chuma, na juu kuna kitambaa badala ya bati, ili fremu inyumbuke pamoja na chasisi bila kulia. Ukijaza epoksi kwenye nafasi zile umeiua kazi yote ya mbunifu.

Morris Minor Traveller, gari la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, lina mbao zake nje zikionekana, na wengine hudhani ni pambo. Si pambo, zinabeba sehemu ya nyuma ya bodi, na Uingereza gari hilo likipelekwa kwenye ukaguzi hufelishwa mbao hizo zikioza. Mbao ya Mini Traveller, gari jingine la Kiingereza, ndiyo pambo. Kwenye Morris maji hukaa ndani ya mifereji inayoshika mabati ya ubavuni, hasa mhimili wa chini, kwa hiyo choma humo hata kama vanishi inang'aa. Weusi wa juu juu hutoka kwa asidi oksaliki iliyoyeyushwa katika maji, huku umevaa glavu. Weusi ukibaki, chonga uone kina chake.

Gundi ikikauka, paka dawa ya kuzuia kuvu, kisha praima, na vichwa vya nyuzi vipakwe mara tatu. Kati ya mbao na bati weka utepe wa kitambaa uliolowekwa kwenye nta au rangi. Silikoni yenye harufu ya siki usiikaribishe, kwani hula chuma. Toboa matundu ya milimita 6 kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila mlango ili maji yatoke.

Pindo lirudishwe kwa nyundo ya mbao, kuanzia katikati kuelekea kwenye kona, na misumari ipigwe kwenye matundu mapya, kando ya yale ya zamani. Ondoa mabomba ya kufungia wakati bolti zote za chasisi zimekazwa, si kabla. Kisha bana ukanda wa karatasi kwenye mlango, uvute, na urudie kila sentimita 10 kuzunguka ukingo wote. Karatasi ikichanika mahali pamoja na kuteleza bure pengine, rudi kwenye pakingi.