Kutoka Palais Bourbon hadi Lancaster House

Nilishuka metro kituo cha Assemblée Nationale saa mbili asubuhi, manyunyu yakianguka. Safari niliipanga iwe ya siku moja, asubuhi Paris na jioni London, nione kwa macho yangu mahali nchi za Magharibi zilipobishania swali moja kwa miaka minne baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1950 hadi 1954: Wajerumani wapewe silaha tena? Na wakipewa, nani atawashika?

Nilianzia Quai d'Orsay, wizara ya mambo ya nje, kando ya mto Seine. Hapo, tarehe 27 Mei 1952, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya. Wazo lilikuwa la Wafaransa wenyewe. Vita vya Korea vilikuwa vimezuka, Marekani inataka askari wa Kijerumani haraka, na Waziri Mkuu René Pleven akapendekeza jeshi moja la Ulaya, Wajerumani wawe ndani yake bila kuwa na jeshi lao wenyewe.

Palais Bourbon, jumba la bunge, na wizara hiyo ni pua na mdomo. Mkataba ulizaliwa nyumba moja ukafia kwa jirani. Tarehe 30 Agosti 1954 wabunge waliukataa kwa kura 319 dhidi ya 264, wala hawakuujadili kifungu kwa kifungu. Édouard Herriot, waziri mkuu wa zamani, mzee wa miaka 82, aliupinga akiwa ameketi kitini pake kwa kukosa nguvu za kupanda jukwaani. Kura zilipotangazwa, wapinzani walisimama wakaimba Marseillaise, wimbo wao wa taifa.

Nilikaa kitambo mbele ya zile nguzo kumi na mbili zilizolowa mvua. Siwezi kuwalaumu. Mara tatu katika miaka sabini Wajerumani walikuwa wameivamia nchi yao. Mwezi Mei mwaka huohuo Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa, ilikuwa imeanguka kule Indochina. Sasa waambiwe walivunje jeshi lao liingie kwenye chungu kimoja na la adui wa jana, huku Uingereza ikitazama kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari!

Mchana nikapanda treni Gare du Nord. Kabla hatujaingia handakini nilifungua daftari langu. Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alizunguka Brussels, Bonn, Roma na Paris katikati ya Septemba 1954, kisha mataifa tisa yakakutana London kuanzia tarehe 28. Siku sita zikatosha. Mkataba wa Brussels wa 1948, wa kulindana kati ya Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, ungepanuliwa kuzipokea Ujerumani Magharibi na Italia, Ujerumani iingie NATO, naye Konrad Adenauer, kansela wa Ujerumani Magharibi, akaahidi kwamba nchi yake haitatengeneza silaha za nyuklia, za kibiolojia wala za kemikali katika ardhi yake. Kilichowatuliza Wafaransa hasa ni ahadi ya Eden: divisheni nne na kikosi cha anga vibaki bara Ulaya, visiondolewe ikiwa wengi wa wanachama wa mkataba wa Brussels hawataki.

Chini yake nilikuwa nimenakili sharti moja na kulipigia mstari mara mbili: Uingereza haitabanwa na ahadi hiyo ikizuka dharura kali ng'ambo. Nililisoma tena tukiwa gizani chini ya bahari. Sisi Wakenya tulikuwa miongoni mwa hao wa ng'ambo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kwetu tangu Oktoba 1952, na babu alinisimulia alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, malori ya askari yalipoziba mitaa ya Nairobi kuwasaka Mau Mau.

Jua lilikuwa linazama nilipofika Lancaster House, karibu na kasri la St James's. Sikuingia. Nilisimama njiani nikiutazama ukumbi wa mlangoni na nguzo zake, mawe yakiwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Adenauer, Waziri Mkuu wa Ufaransa Mendès France na Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, walikuja kwenye nyumba hii kwa mkutano ule wa 1954. Januari 1960 wakaja wajumbe wa Kenya kudai katiba, wakarudi 1962, wakarudi tena 1963. Nikampigia mama simu nikamwambia nilipo, akaniuliza, "Ni pale pale pa kina Mboya?"

Nikamwambia ni pale pale.